Upande Unaokula

Alhamisi, 1 Agosti 1963

Mwenyekiti Abdillahi kanipa daftari hili, jalada jeusi, mgongo mwekundu, akaniambia niandike kila siku kazi ya trekta: saa ya kuliwasha, saa ya kulizima, na kilichoharibika. Nikamwuliza kilichotengenea nikiandike wapi. Hakucheka. Tangu wamchague kuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima hapa Utange ameacha kucheka na ameanza kuvaa tai. Mtoto huyu mimi nimemjua akikimbia uchi huku nyuma anafukuzwa na bata.

Haya, naandika. Mimi ni Badi bin Nassor, umri wangu sitini na kitu, hicho kitu mamangu alikufa nacho. Chuoni nilifika juzuu ya kumi. Skuli ya serikali nilikaa miaka miwili, mwalimu ndiye aliyeacha kwanza. Kazi yangu ni trekta, wala si kulima nalo, maana kulima hata ng'ombe hulima. Yangu ni kazi ya mkanda.

Trekta lilikuwa la mzungu wa mkonge, na miaka kumi na saba nilimwendeshea mkanda wake. Mwaka huu tulipopata madaraka akafunga virago, akaliuza kwa chama pamoja na mashine ya kupukuchulia mahindi. Mimi kwenye mauzo sikuwamo. Nimekuja nalo tu, kama kupe na ng'ombe.

Leo limewashwa saa mbili, limezimwa saa tisa. Kilichoharibika ni tai ya mwenyekiti, imejaa makapi.

Ijumaa, 2 Agosti

Mfungo sita, watu wako Maulidini. Hapana kazi. Pilau imeungua chini, na waliopewa ya chini ni wazee.

Jumatatu, 5 Agosti

Amekuja mtu. Jina lake Elkana, katoka bara, upande wa ziwani, mtu wa miaka thelathini na zaidi. Mrefu, viatu vinang'aa, bahasha ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha mna cheti cha skuli ya kilimo, kina mhuri na saini mbili. Niliutazama ule mhuri kwa adabu, kisha nikamwuliza kama ajua kushika spana.

Mwenyekiti akanivuta kando, ubavuni mwa ghala. Akanieleza kwamba Elkana anajua kulima kwa trekta, anajua kupanda, injini anaifungua na kuifunga. Ila mkanda hajapata kuushika, kwa kuwa skulini kwao mashine zote zilikuwa za kisasa. Basi mimi nimfundishe. Msimu ukiisha awe ameiva.

"Na akishaiva yeye, mimi je?"

"Wewe utapumzika, mzee wangu."

Kwetu sisi aliyepumzika husomewa khitma. Niliitazama tai yake.

Jumanne, 6 Agosti

Somo la kwanza, kulipanga trekta. Kwa asiyejua: ubavuni mwa trekta pana puli, gurudumu la chuma lisilokanyaga ardhi. Mashine ya kupukuchulia nayo ina puli yake. Kati yao hupita mkanda wa ngozi, upana wake viganja viwili, na trekta husimama hatua kumi mbali likiikabili mashine kama mke na mume walionuniana. Puli hizo zikipishana hata upana wa kidole, mkanda hutoka ukakuchapa. Mzungu alikuwa akipanga kwa uzi. Mimi hupanga kwa jicho la kushoto, la kulia lina mtoto wa jicho.

Elkana alipanga kwa uzi. Alipomaliza nikafumba jicho, nikamwambia amekosea kidole kimoja. Hakuwa amekosea. Alipanga tena, na tena, na mara ya nne, jua la saa sita, na kila mara jibu lake ni "Sawa, mzee." Nilichoka mimi kabla yake.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nimemfundisha kwamba trekta la pwani huamkiwa. Usipoliamkia asubuhi, nikamwambia, haliwaki. Watu wa bara mna haraka, mnalirukia tu, ndiyo maana ya kwenu hufa mapema.

Akalivulia kofia. Wanawake wanane wamesimama na mahindi yao, na Charo, mkulima anayetutilia mahindi mashineni, ameshika jembe. Elkana akainama mbele ya rejeta akasema, "Shikamoo, trekta." Mimi nilikuwa nyuma ya gurudumu kubwa. Nikaitika kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu, hujambo?"

Wanawake walicheka hata mmoja akamwaga mahindi yake. Kisha Elkana naye akacheka, tena kwa raha, akanipa mkono kunipongeza. Hilo lilinikera. Mtu umemkusudia shimo, yeye analifanya kiti.

Jumamosi, 10 Agosti

Manyunyu tangu alfajiri. Ngozi ikilowa hulegea, mkanda ukateleza juu ya puli, injini ikalia bure na mashine haili kitu. Elkana akarudisha trekta nyuma nusu hatua ili mkanda ukaze. Bado ukawa unateleza. Hapo ndipo nilipotoa dawa yangu, kipande cha ubani.

Dawa hii niliivumbua mwenyewe mwaka wa arobaini na tisa. Ubani ni utomvu wa mti. Ukiusugua kwenye tumbo la mkanda, yaani upande wa ndani unaoikumbatia puli, hupata moto ukanata, na mkanda hauponyoki tena. Shida ni kwamba wausugua huku mkanda wakwenda, na mkono wako umo ndani, kati ya mkanda wa juu na wa chini. Kwa hiyo ni lazima ujue kwamba puli ina pande mbili. Upande mmoja mkanda unaingia, huo unakula. Upande wa pili mkanda unatoka, huo unatema. Ubani husuguliwa upande unaotema. Mkono ukiteleza hapo, mkanda unautupa nje. Ukiteleza upande unaokula, unakwenda na mkanda. Haya sikuyasoma kitabuni. Nina vidole viwili visivyo na kucha.

Hapa naandika. Kumwambia Elkana, sikumwambia. Nilimwambia trekta lina jini wa Kipemba, mvua ikinyesha ataka ubani. Nikasoma Alhamdu kwa sauti huku nasugua. Elkana ni mtu wa kanisa, ana wimbo wa asubuhi na wimbo wa jioni. Akarudi nyuma hatua saba, akasimama anatazama viatu vyake. Charo alicheka hata akakaa chini.

Jumapili, 11 Agosti

Dadangu Mwanatumu, ninayekaa naye tangu mke wangu afariki, ameuliza ubani wake uko wapi. Nimemwambia amwulize jini.

Alhamisi, 15 Agosti

Magunia thelathini. Mgongo.

Jumamosi, 17 Agosti

Jini ameuawa. Asubuhi Elkana aliokota chembe ya ubani iliyoanguka, akaifikicha kwa vidole, akainusa, akaigusisha puli yenye moto. Akaja kwangu anacheka taratibu.

"Mzee, huyu jini ni gundi. Skulini tulikuwa na dawa ya mkebe, ilitoka ng'ambo, kazi yake ni hii hii. Yako ni bora, inanukia."

Sikuwa na pa kujificha, ikabidi nimwonyeshe. Kwenye mashine ya kupukuchulia mkanda umenyooka, na kwenye puli ya mashine ukinyooka hivyo chini ndiko unakokula, juu ndiko unakotema. Nikamwambia asimame pale, mkono autie juu. Yeye, kwa kuwa ni mtu wa skuli, akauliza kwa nini juu.

"Chini kuna vumbi," nikamwambia.

Ana kijitabu chake kidogo cha mfukoni. Akaandika: juu, sababu ya vumbi. Nilimwona akiandika. Nikajiambia hili nitamwambia siku nyingine, atakapolihitaji. Elimu ni kama samli, humpi mtu chungu kizima siku ya kwanza. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Alhamisi, 22 Agosti

Mgongo wangu umekufa. Mkanda ule, ukiukunja, una uzito wa mbuzi, na kila jioni sharti uingizwe ghalani ngozi isilowe. Tangu Jumatatu Elkana anaubeba peke yake na mimi nabeba spana. Hakunifanya nione haya mbele ya wanawake. Akisikia mtu anakuja hunipa ncha ya mkanda niishike, tuonekane tunabeba wawili.

Wakati wa chakula amenieleza habari za mkewe. Anaitwa Milcah, yuko kwao na watoto wawili. Chama kimemwahidi Elkana chumba cha mawe karibu na ghala, lakini mpaka kazi ya mkanda iwe yake kwa barua. Barua ikitoka, Milcah apande treni. Kila Jumapili humwandikia, na mwandiko wake umenyooka kama mistari ya mahindi aliyoipanda yeye mwenyewe. Nikamwuliza humwandikia nini kila wiki. Akasema wiki hii amemwandikia habari ya kuliamkia trekta.

Leo ulimi ulitaka kumwambia habari ya kula na kutema. Charo akaja na mahindi, tukainuka.

Jumanne, 27 Agosti

Kamati imekaa, mimi nikaitwa nisikilize. Chama kimepata kinu cha kusagia unga, mkweche kutoka Changamwe. Wanawake wa Utange hawataenda tena masafa na debe kichwani kutafuta pa kusagia. Makofi. Kuanzia Ijumaa ya wiki ijayo fundi wa mkanda ni Elkana. Makofi. Mzee Badi atawekewa kiti kivulini, awe akiwapokea watu na kuwasalimu, maana ana maneno mazuri. Makofi zaidi.

Miaka kumi na saba. Mzungu alikuwa akiniita boi, nami nimemzidi umri. Nikasema siku zitageuka, kazi itakuwa yetu. Zimegeuka. Nimepewa kiti.

Nilipotoka Elkana alinifuata akanishika mkono. Akasema ameiomba kamati tufanye kazi wawili, wakakataa. Sijui kama ni kweli. Sikutaka iwe kweli.

Jumatatu, 2 Septemba

Kinu kimeletwa kwa lori. Kimechorwa mshale ubavuni, na mshale unaonyesha kinageuka kinyume cha mashine ya kupukuchulia. Kabla sijavaa miwani Elkana alikwisha kuuona. Akasema basi mkanda itabidi uukunje msalaba, kama tarakimu ya nane, ndipo kigeuke anavyotaka aliyekitengeneza. Kweli. Tukaukunja, tukajaribu kwa nusu saa, unga wa kwanza ukatoka, mweupe na wa moto. Wanawake wakapiga vigelegele.

Sasa sikiliza, ewe daftari. Mkanda ukiukunja msalaba, upande wa trekta hakibadiliki kitu. Lakini kwenye kinu pande zinabadilishana. Juu palipokuwa panatema ndipo panapokula. Jambo hili halimo katika cheti chake. Limo katika vidole vyangu.

Nilingoja aulize. Akazunguka kinu mara mbili, akapangusa mikono, akaniuliza.

"Mzee, kuna jambo jingine la kujua?"

"Hakuna," nikasema. "Mkanda ni mkanda."

Akaniambia asante.

Jumatano, 4 Septemba

Jua kali. Mkanda mkavu, hauhitaji ubani. Nimekaa kwenye kiti kujaribu. Mmoja wa miguu yake ni mfupi.

Ijumaa, 6 Septemba

Naandika Jumamosi mchana. Jana mkono haukushika kalamu.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Siku zote Ijumaa hatufanyi kazi mpaka watu watoke msikitini, lakini jana wanawake walipanga foleni tangu saa mbili, na Abdillahi akasema Elkana si Mwislamu, hana sala ya Ijumaa, aendelee kusaga. Ilikuwa siku yake ya kwanza kama fundi. Alivaa shati jeupe.

Mimi nilioga mapema, nikavaa kanzu. Hata mimi nilijishangaa, maana msikitini hufika imamu akiwa katika khutba ya pili. Nilipita pale kinuni. Mkanda ulikuwa umeanza kulalamika, ule mlio wake kama wa mtu anayevuta kamasi. Elkana akanipigia kelele kwa mbali, kwa furaha, kwamba jini anataka chakula. Nikatia mkono mfukoni, nikampa kipande cha ubani, kikubwa kama ndimu. Nilikichukua nyumbani. Nilikwisha kuyatazama mawingu.

Naandika nilichokitaka, kwa kuwa Mungu anakijua vyovyote. Nilitaka mkanda umnyang'anye ule ubani, umbabue ngozi kidogo, aogope. Nilitaka nikitoka msikitini nikute kinu kimesimama, wanawake wamesimama, Elkana amesimama, na Abdillahi aje na tai yake aniombe radhi mbele ya watu. Hayo tu. Mkono sikuutaka. Lakini mtu anayemfungulia chui mlango hawezi kusema alitaka amlambe tu mgeni.

Msikiti hauko mbali. Injini ya trekta lile naijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Katika khutba nikaisikia inakwenda bure, mkanda unateleza. Katika rakaa ya kwanza nikaisikia imeshika vizuri, nikajua ubani umeingia. Katika rakaa ya pili, paji la uso liko chini, injini ikazama. Ikavuta pumzi, ikazama tena, kama mtu aliyekutana na mfupa katika tonge. Kisha ikaachiwa ikanguruma. Imamu alikuwa bado hajainuka. Mimi niliinuka.

Nilikimbia bila viatu. Nilipofika Charo alikuwa ameshika mpini wa jembe. Ndiye aliyeupiga mkanda kwa nguvu hata ukaruka kwenye puli, la sivyo bega lingefuata. Elkana alikuwa amekaa chini, ameegemea kinu. Mkono wa kulia, kutoka kiwikoni hata vidoleni, sitauandika. Unga ulikuwa ungali unateremka kidogo kidogo. Hakuna aliyekwenda kuukinga.

Niliichana kanzu yangu, nikamfunga juu ya kiwiko, nikakaza kwa spana. Lori la chama likatuchukua, tukavuka daraja la Nyali kuelekea hospitali ya kisiwani, mimi na yeye nyuma, kichwa chake juu ya paja langu. Watu barabarani walitupungia mkono, wakidhani tunakwenda mkutanoni.

Katikati ya daraja alifumbua macho. Alizungumza polepole, kwa adabu ile ile.

"Mzee, niliweka juu. Kama ulivyosema. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia anyamaze, asipoteze nguvu.

Jumapili, 8 Septemba

Wameukata juu ya kiwiko.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda kumtazama. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno, nimeyarudia hata konda akadhani nasali. Nitaketi, nitasema, Elkana mwanangu, nilikuficha.

Alipokiona kichwa changu mlangoni akainuka kidogo kwa mkono uliobaki, akawaambia wagonjwa wa jirani na yule nesi, "Huyu ndiye mzee niliyewaambia. Huyu ndiye aliyenifanya niliamkie trekta." Wadi nzima ikacheka. Hata mtu mwenye bomba puani alicheka. Nesi akaniambia shikamoo, akaongeza kwamba hajui kama anamwamkia mzee au trekta. Wakacheka tena, na Elkana akacheka zaidi ya wote, uso umekauka kama gunzi.

Nikaketi. Wakaniomba nitoe kichekesho kingine. Nikatoa kile cha bata na mwenyekiti.

Alhamisi, 12 Septemba

Kamati imekaa juu ya ajali. Abdillahi alikuwa amekwenda hospitali kumsikiliza Elkana, akatusomea alichokiandika kutoka kinywani mwake. Elkana anasema mzee Badi alimfundisha kila kitu kwa subira, na kwamba kosa ni lake yeye, kuna jambo alilisahau, ingawa analitafuta bado hajalipata. Kamati ikaguna kwa huruma. Wakasema cheti si kazi. Wakasema ya kale ni dhahabu. Wakaamua kwamba mkanda urudi kwa mzee Badi, na kiti kiondolewe.

Nikasimama. Nikawaambia: hakusahau, mimi sikumwambia. Nilijua kwamba mkanda ukikunjwa msalaba pande za kinu hubadilishana, nikamficha, nikampa na ubani mkononi, nikaenda zangu kusali.

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Mzee Badi, hata leo?" Kikaanza kicheko kimoja, cha pili, wote. Si kicheko cha ubaya. Cha watu waliokuwa na huzuni wakapata nafasi. Abdillahi aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu apate cheo. Akaniambia niketi, anajua nilivyompenda yule bwana, nisijibebeshe lawama.

Nikamwekea daftari hili mezani. Nikamwambia soma, yote yamo. Alilifungua mwanzo, kama anavyosoma mtu yeyote. Akakuta bata. Akakuta tai. Alisoma ukurasa ule wa shikamoo kwa sauti, kamati nzima ikishika mbavu, kisha akafuta machozi, akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. "Tukiwa na uhuru kamili," akasema, "hili tutalipigisha chapa."

Mtu akitumia miaka sitini kuwachekesha watu, asitarajie kuaminiwa siku anayotaka kulia.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemwambia Mwanatumu. Alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza kama sina haya, hata mtu aliyekatwa mkono namfanyia mzaha.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimesaga. Watu wanasema unga wangu ni laini kuliko wa yule.

Jumanne, 17 Septemba

Nimesaga.

Ijumaa, 20 Septemba

Sikwenda msikitini. Sikusaga pia.

Jumamosi, 21 Septemba

Saa nne asubuhi alikuja mwanamke pale kinuni. Mrefu, kitambaa cha samawati kichwani, vumbi la safari miguuni. Ameteremka treni jana. Mkononi kikapu cha karanga, kwapani kuku jike mwekundu amefungwa miguu. Akapiga goti kidogo kwa desturi ya kwao, akasema yeye ni Milcah, mke wa Elkana, na anamtafuta mzee aliyechana nguo yake ili amfunge mumewe.

Nikamwambia ndiye mimi. Akaweka kikapu chini, akamfunga kuku kwenye gurudumu la trekta, akasema hivyo ni vyangu. Kisha akakaa kwenye kile kiti kibovu, hawajakiondoa bado. Kiswahili chake kizito, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua jingine.

Akanieleza kwamba wiki ijayo wanarudi kwao, chumba cha mawe hakipo tena, na kazi kwa mtu wa mkono mmoja haipo hapa. Mumewe hajamlaumu mtu. Lakini halali, kuna jambo linamsumbua. Anataka kujua amekosea wapi, alitie katika kijitabu chake, amwandikie na mwalimu wake wa zamani wa kilimo, ili mwingine asije akakosea hapo hapo. Amemtuma kuniuliza.

Injini ilikuwa baridi. Mkanda ulikuwa bado kwenye puli, umekunjwa msalaba. Nikamwita. Nikaigeuza puli ya trekta kwa mikono, polepole, nikamwambia aweke vidole vyake juu, penye puli ya kinu. Mkanda ukavichukua, ukavisogeza, vikafika penye chuma. Nikasimama. Akavitoa.

Nikamwambia, hapa panakula. Mkanda ukinyooka, hapa panatema. Ukiukunja, panakula. Mumeo hakujua. Mimi nilijua.

Alinitazama muda mrefu. Sura hii ya kuchekesha, jicho moja jeupe, meno matatu, Utange nzima ikiiona hukunja midomo kujiandaa. Yeye hakujiandaa kwa kitu. Hakuwa akinijua.

"Ulijua kabla?"

"Kabla."

"Akakuuliza?"

"Aliniuliza kama kuna jambo jingine. Nikamwambia hakuna."

Hakulia, hakunitukana. Nami nilikuwa nimejiweka tayari kwa yote mawili. Aliviangalia vidole vyake, vina weusi wa mkanda, akavifuta kwenye kanga yake. Akainama, akamfungua kuku kwenye gurudumu, akamrudisha kwapani, akaondoka.

Alikwisha kuupita mlango wa ghala aliporudi. Nikasimama wima, nikidhani amepata la kuniambia.

Alichukua karanga zake.